Waya Niliouchomoa

Mazishi yalikuwa saa nne asubuhi, ng'ambo ya mpaka, Goma, na marehemu alikuwa mama mzazi wa mwanamke anayeniuzia sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Siku hizo mpaka ulikuwa umefungwa. Mwanamke huyo alikuwa amekwenda kwenye kituo cha mpakani, Grande Barrière, mara mbili na karatasi zake zote mkononi, na mara zote mbili akarudishwa. Kutoka pale hadi kwa mama yake ni mwendo wa miguu tu. Ndipo mchungaji wetu wa Nyamyumba akaniita, akaniambia, "Wewe ndiye unayejua mambo ya mtandao. Tumsaidie huyu mama aone mazishi akiwa hapa kanisani."

Nililelewa Tanzania. Wazazi waliporudi Rwanda nikarudi nao, nikasoma, nikawa fundi wa mitandao mjini Gisenyi. Antena iliyo juu ya paa la kanisa niliifunga mimi mwenyewe. Inapokea mtandao kutoka kwenye mnara wa mjini, na bila hiyo kule kando ya ziwa huna kitu, maana mlima umetukinga na simu hushika kwa kubahatisha.

Antena ile ilikuwa na ugonjwa wake: kila baada ya robo saa ilijizima na kujiwasha. Walioitengeneza walikuwa wametoa programu mpya ya kuendesha kifaa, na walisema inaponya tatizo hilo. Ningeweza kuiweka siku yoyote ya wiki ile. Niliahirisha. Nikaja kuiweka asubuhi ya mazishi, saa mbili na nusu, nikijiambia ni kazi ya dakika tano.

Hata faili lenyewe sikulipakua kwenye laptopu. Nilibonyeza tu pale penye maandishi ya kusasisha, nikaiacha antena ijivutie programu yenyewe. Ukatokea mstari wa buluu, na chini yake onyo: usizime kifaa. Mstari ukaenda vizuri, ukapita nusu, kisha karibu na mwisho ukasimama.

Watu walikuwa wanaingia. Mchungaji alikuwa ametundika shuka jeupe ukutani na projekta ilikuwa inawaka. Yule mama akaja na wanawe na wanawake wenzake wa sokoni, akanisimamia mgongoni.

"Dada, iko sawa?"

"Iko sawa, mama. Bado kidogo."

"Ndugu yangu amesema batafungua sanduku mbele ya kumuzika. Mi nataka tu kuona uso yake."

Nikatazama ule mstari. Dakika kumi na mbili haujasogea. Nilishawahi kuona vifaa vingine vikikwama hivyo, ukavizima na kuviwasha vikaendelea. Onyo nilikuwa nimelisoma. Nikanyoosha mkono ukutani nikachomoa waya wa umeme wa antena, nikahesabu hadi tano, nikaurudisha.

Nilitoka nje kutazama antena juu. Taa zake zote ziliwaka kwa pamoja, kisha zikazimika, ikabaki moja. Nikasubiri. Nikarudi kwenye laptopu, nikaita kifaa mara moja, mara mbili, mara kumi. Hakuna jibu.

"Kuna nini?" mchungaji akauliza.

"Umeme," nikasema. "Umeme umeyumba."

Projekta ilikuwa bado inawaka juu ya lile shuka. Mchungaji akaitazama, kisha akanitazama mimi.

Njia ya kukiokoa kifaa kama kile ipo. Unabana kitufe chake kidogo huku kinawashwa, kisha unakisukumia programu moja kwa moja kutoka kwenye laptopu kwa waya. Lakini faili sikuwa nalo, na mtandao wa kulipakulia ndio huo niliouua. Nikatoka mbio na laptopu kifuani, nikasimamisha moto, pikipiki ya abiria.

"Twende upande wa mjini, kaka, haraka."

"Kuna nini?"

"Kuna mazishi."

"Pole sana," akasema, akaongeza mwendo.

Kwenye kona moja barabara inapopanda, simu yangu ikashika. Nikamwambia asimame. Nikaweka laptopu juu ya kiti cha pikipiki, nikaiunganisha na simu, nikaanza kupakua. Lilikuwa faili dogo tu, la kumezwa mara moja kwa mtandao wa mjini. Pale lilitambaa. Lilipokaribia mwisho likakatika, likaanza upya. Nilijikuta nasali kwa sauti, maneno yasiyo na mpangilio, naomba saa nne isifike. Dereva alishuka, akavua kofia yake ngumu, akaishika kifuani. Alidhani nimefiwa mimi.

Tuliporudi ilikuwa saa nne na dakika kumi. Mle kanisani walikuwa wameweka simu ya mtu kwenye ukingo wa dirisha, mahali pekee iliposhika, na picha ilikuwa imekataa kabisa. Ilikuja sauti tu, tena kwa vipande. Yule mama alikuwa amepiga magoti, sikio limegusa ile simu. Sehemu ya wimbo ikasikika, ikakatika. Sauti ya mwanamume ikasema, "...bafungue sasa...", ikakatika. Alinisikia nikipita nyuma yake, hakugeuka.

Nilipanda ngazi hadi paani na laptopu begani. Nikachomoa pini ya nywele kichwani mwangu, nikabana kitufe kwa ncha yake, nikampigia mchungaji kelele achomeke waya kule chini. Ikakataa. Mara ya pili ikakataa. Jasho liliniingia machoni na bati lilikuwa limeanza kuchoma magoti. Mara ya tatu taa zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine, taratibu, na faili likapokelewa. Safari hii sikugusa kitu. Niliushika mlingoti wa antena kwa mikono yote miwili mpaka ikawaka yenyewe.

"Imerudi!" nikapiga kelele. "Pigeni simu ya video sasa! Pigeni!"

Niliposhuka, watu wote walikuwa wamesimama mbele ya shuka. Picha ilikuwa safi kabisa, haikutikisika. Ilionyesha udongo mbichi umerundikwa, na wanaume wawili wakiupigapiga kwa majembe.

Yule mama akalisogelea shuka, akaligusa. "Mama iko wapi?"

"Tumemaliza, yaya, dada yangu," kaka yake akajibu kutoka Goma. "Tulikungoja. Padri akasema inatosha."

Hakupiga yowe. Alikaa chini pale pale sakafuni, na wanawake wenzake wakamzunguka.

Nilingoja mpaka wengi walipoondoka. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, nilidanganya. Umeme haukuwa na shida. Waya niliuchomoa mimi, na nilikuwa nimeonywa nisiuchomoe."

Alinitazama. "Donc haikuwa courant?"

"Haikuwa umeme. Ni mimi."

"Kwa nini ulichomoa?"

"Nilishindwa kungoja."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari ya mtu asiyemjua. "Mi niliweza kungoja," akasema. "Nilingoja kwa barrière siku mbili." Kisha akawaita wanawe, wakatoka.

Baada ya wiki kaka yake alituma video ya mazishi aliyoichukua kwa simu, sanduku likiwa wazi. Yule mama aliniagiza nije niionyeshe pale pale kanisani, kwenye shuka. Nilipoiwasha akasema, "We toka kwanza." Nikakaa nje kwenye ngazi. Nilimsikia akilia, kisha akiongea na mama yake kwa Kinyarwanda, maneno mengi, kwa utulivu, kama wanaokaa jikoni pamoja. Sikujisogeza karibu na mlango. Alipotoka alifunga kitenge vizuri, akaniuliza kama ile video inaweza kuwekwa kwenye simu yake bila kupotea. Nikamwambia inaweza, nikamwekea.

Bado nanunua sambaza kwake. Ananipimia sawasawa, ananisalimu, anaulizia wazazi wangu. Mazishi hayajatajwa kati yetu tena.