Waliomwogesha Mama

Kakangu anajua kulia mbele ya watu, hilo siwezi kumnyima. Siku tuliyomzika mama nyumbani Cheptiret, alishika maiki akiwa na suti nyeusi na leso mkononi, nasi watu wa familia tukajipanga nyuma yake jinsi tunavyofanya huku kwetu, mzaliwa wa kwanza aseme kwa niaba ya wote.

Mama alikuwa amelala kitandani karibu mwaka mzima, amepooza upande mmoja. Mimi niliacha kibanda changu cha mitumba mjini Eldoret nikarudi kumtunza. Majirani wawili, wamama wa kanisa letu, walikuwa wakija kila asubuhi tumwogeshe, tumgeuze asipate vidonda mgongoni, tumlishe uji kwa kijiko. Kakangu alikuwa Nairobi. Hakuja hata mara moja. Nikimpigia simu ni "wikendi ijayo, dada," na wikendi inapita.

Sasa namsikia kwenye maiki: "Mimi ndiye nilikuwa nikimgeuza mama usiku. Nimemwogesha kwa mikono hii." Akaiinua juu tuione. Marafiki zake waliotoka Nairobi wakasema, "Bwana asifiwe!" Wale wamama wawili walikuwa safu ya pili, wakaangalia chini. Damu ilinichemka, jamani. Uongo mbele ya jeneza! Nilitaka kumpokonya ile maiki nimvue nguo hadharani.

Basi si akanigeukia! "Dada yangu ni shahidi. Au sivyo, dada?" Akaniwekea maiki mkononi.

Maneno nilikuwa nayo, tena makali. Nikaangalia jeneza, nikaomba kimoyomoyo: Bwana, nishikie huu ulimi. Kusema ndiyo sikuweza, kwa maana mama alitulea tukijua Mungu anasikia hata kile kinachosemwa kwa kumfurahisha mtu. Kumwaibisha mtoto wa mama mbele ya jeneza lake pia sikuweza. Nikasema, "Waliomwogesha mama wako hapa, na Mungu anawajua. Asanteni sana. Pasta, tuimbe." Pasta akaanzisha wimbo. Kakangu akarudi kwenye kiti bila kuniangalia.

Baada ya mazishi, watu wakipakuliwa wali na nyama, nilimfuata nyuma ya zizi la ng'ombe. Bwana alituagiza ndugu akikosa umwendee mkiwa wawili tu, na nilitaka kutii, ingawa kwa kweli bado nilikuwa na hasira.

"Umedanganya, kaka. Mbele ya mama."

Nilidhani atanifokea. Akakaa chini kwenye nyasi na suti yake yote. "Niliogopa, dada. Kuna siku nilifika hadi Eldoret, nikapanda gari nikarudi. Sikuweza kumwona mama akilishwa kama mtoto. Leo nimesema vile nilivyotamani ingekuwa." Kisha akalia kilio kingine kabisa, kibaya, na leso hakuitafuta.

Hasira iliniisha pale pale, ikabaki huzuni tupu. Nikakaa kando yake, nikamshika bega.

"Mama alikuwa ananiulizia?" akauliza.

Hapo palikuwa pagumu kuliko kwenye maiki. Neno moja tamu lingemtuliza: kwamba mama alimtaja hadi pumzi ya mwisho. Nani angejua? Mimi mwenyewe nilitamani kulisema, maana nampenda, ni kakangu. Lakini ningekuwa nimemkanya kwa kusema uongo kisha nimfariji kwa uongo.

"Alikuulizia sana," nikamwambia. "Akisikia gari barabarani ananiambia nifungue mlango, huenda ni wewe. Halafu mwezi wa mwisho akaacha kuuliza."

Aliinamisha kichwa hadi magotini. Sikuondoa mkono begani kwake.