Mtoto wa Canada Anauzwa

Sisi tuliokuwa wadogo Toronto wakati simu bado inaning'inia kwenye ukuta wa jikoni, tulilelewa na masikio yetu. Mama alikwangua kadi ya simu kwa ukucha, akabonyeza tarakimu nyingi huku ulimi umemtoka, kisha akaanza kupiga kelele kana kwamba Lushoto iko ng'ambo ya barabara: "Haloo! Mnatusikia? Bibi hajambo?" Tulipata nusu ya habari, nani kaoa na nani kalazwa, halafu kadi ikaisha. Nusu iliyobaki tulijitungia wenyewe. Watoto wa leo wakikwama na neno wanaiuliza simu, na simu inawajibu kabla hawajafunga mdomo. Sisi neno tulilibeba hivyo hivyo likiwa bichi, tukaenda nalo shule, tukarudi nalo.

Tulikaa Don Mills, katika ghorofa refu lenye korido ndefu yenye zulia, na kwenye korido hiyo mimi na kaka yangu Elia tulicheza rede kwa mpira wa soksi mpaka msimamizi wa jengo atokee na funguo zake zikilia kiunoni. Nakumbuka harufu ya makoti yaliyolowa theluji yakikauka juu ya hita. Nakumbuka ugali wa unga wa manjano kutoka duka la Wajamaika, Baba akiufinyanga kimya kama mtu anayesoma barua ya msiba. Na nakumbuka amri yake mlangoni: "Kiingereza mkivue pamoja na viatu." Ndani ilikuwa Kiswahili tu, hata kwa mambo ambayo Kiswahili chenyewe hakikuwa na habari nayo.

Elia alizaliwa Tanga. Mimi nilizaliwa hapa, na kwa sababu hiyo kila ndugu aliyepiga simu aliniita kwa namna moja. "Mtoto wa Canada mzima? Mtoto wa Canada anakula?" Nilidhani ni jina langu la pili, lililoandikwa mahali fulani na serikali.

Baba alifanya kazi kwa Kampuni. Ilikuwa kampuni ya ujenzi ya Waingereza iliyojenga nyumba huko Richmond Hill, safu kwa safu, juu ya yaliyokuwa mashamba. Kazi yake ilikuwa kupita katika kila nyumba iliyokamilika kabla mnunuzi hajakabidhiwa funguo, akitafuta kasoro, na kila alipoiona alibandika kipande cha utepe wa buluu: mlango unaokwaruza, rangi iliyoruka kona, bomba linalolia. Alirudi nyumbani na vipande vya utepe vimenata kwenye mikono ya sweta. Kisarufi alipaswa kusema "Kampuni imesema". Yeye alisema "Kampuni kasema", "Kampuni kakasirika", "leo Kampuni kaamka vibaya". Basi kwangu Kampuni alikuwa mtu, tena mwenye hasira za asubuhi.

Nilijua hata sura yake. Jumamosi Mama alipokuwa zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Baba alitubeba hadi ofisi ya mauzo, na ukutani pale palikuwa na picha zilizopangwa kwa mstari. Alitusimulia kama hadithi, akitembea na kidole chake. Wa kwanza alikuwa seremala mwenye masharubu mazito, katika mji fulani wa mvua Uingereza, aliyeanza kwa kutengeneza madirisha na majeneza. Kisha vita, na kampuni ikajenga kambi za askari na viwanja vya ndege. Kisha amani, ikajenga nyumba za watu waliobomolewa na mabomu. Kisha ikavuka bahari, bandari huku, barabara kule, nchi za joto, mpaka ikafika Canada na kukuta watu wengi wanataka nyumba na mashamba mengi yanayouzika. "Hawa wana subira," Baba alisema. "Wananunua shamba leo, wanalikalia miaka kama kuku. Halafu wanapima viwanja, wanafukia mabomba, wanauza nyumba kwa picha. Ikishanunuliwa ndipo wanaijenga." Kwangu mwenye masharubu ndiye aliyekuwa Kampuni. Na kwenye picha ya mwisho palikuwa na mwanamke mwenye kofia ya manyoya, ameshika mkasi mkubwa wa kukatia utepe. Huyo sikuwa na shaka naye hata kidogo. Baba alikuwa amesema mara nyingi kwamba huko Uingereza yuko Kampuni Mama.

Jirani na ofisi palikuwa na nyumba ya maonyesho, na hapo ndipo tulipochanganyikiwa zaidi. Kulikuwa na runinga ya kadibodi. Kulikuwa na matofaa ya plastiki, na vitabu ambavyo ndani havikuwa na kitu. Ukifungua bomba, halikutoa hata pumzi. Siku moja Elia alitumia choo cha juu kabla ya kujua kuwa nacho ni cha maonyesho, na Baba akashuka ngazi amebeba ndoo mbele ya wateja, anatabasamu kama muuzaji. Nilimuuliza kwa nini Waingereza wanajenga kwa mbao hapa wakati Tanga waliacha majengo ya mawe. Alifikiri, akasema, "Sijui. Labda hapa hawana mpango wa kukaa."

Ndipo ikaja ile miaka dunia ilipoyumba, na huko Uingereza nyumba zikakosa wanunuzi. Jumamosi moja mchana alikuja rafiki wa Baba, Ankali Karim, Muismailia aliyezaliwa Dar es Salaam, mwenye duka la marumaru Unionville ambalo liliiuzia Kampuni marumaru za sakafuni. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, kimehifadhiwa vizuri kama achari. Mimi nilikuwa chini ya meza na wanasesere wangu.

"Mhina, bwana wee, umesikia?" alisema kabla hajavua koti. "Mama anauza."

"Nimesikia," Baba alijibu. "Anamuuza mtoto mzimamzima, na nguo zake."

"Mtoto gani tena?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Mtoto wa Canada!" alisema Ankali Karim. "Wa Uingereza anabaki naye. Huyu wa Canada ndiye mwenye afya, ndiye atakayepata mnunuzi upesi."

"Ee, huyo mama ana roho ngumu," alisema Mama. "Na wewe, Baba Elia?"

"Sijui. Mnunuzi akija na watu wake, sisi tutapewa asante."

Mwiko ulisimama kwenye sufuria. Kisha Mama akasema, kwa sauti ya chini aliyoitumia kwa mambo ya kweli, "Basi watoto waende kwa bibi yao Lushoto mpaka tujue moja."

Nilibaki chini ya meza nikiitazama miguu yao. Soksi ya Baba ilikuwa na tundu. Niliwaza kwamba mtu anayemuuza mtoto wake angenunua kwanza soksi.

Nilimwendea Elia chumbani. Alinisikiliza kwa makini, kisha akanijibu kwa Kiingereza, maana mlango ulikuwa umefungwa. Alisema mimi sitauzwa, hapana mnunuzi mjinga kiasi hicho, sina hata meno ya mbele. Nilipoanza kulia aliogopa, akaongeza kwa Kiswahili, "Labda watakukodisha."

Wiki ile nilikuwa mtoto mwema kuliko wote Toronto. Nilikula mlenda. Nilipanga viatu. Niliacha Kiingereza kabisa, hata shuleni, mpaka mwalimu akampigia simu Mama kuuliza kama kuna shida. Mama alinishika paji la uso. "Una homa wewe?" Nikasema, "Sina, Mama, mimi ni mzima na nina faida nyumbani." Akaenda kumwambia Baba kwamba shule za nchi hii zinaharibu watoto kwa njia mpya.

Jumamosi iliyofuata Mama alikuwa zamu. Baba alivaa suti, ile ya harusi na misiba, juu yake koti la kazi, akatupeleka Richmond Hill. Wanunuzi walikuwa wamekuja kutazama. Walishuka kwenye magari meusi, wamevaa kofia ngumu nyeupe ambazo hazijawahi kuangukiwa na kitu, wakatembea kati ya nyumba wakigonga kuta kwa vidole. Mmoja wao, mama mwenye kitambaa cha hariri shingoni, alituona tumesimama mlangoni pa nyumba isiyokamilika. Akainama mbele yangu, akatabasamu, akaniuliza kwa Kiingereza jina langu nani.

"Mimi siuzwi," nikamwambia kwa Kiswahili.

Akamgeukia Baba. "Anasemaje?"

Uso wa Baba ulifanya mambo matatu kwa pamoja. "Anasema karibuni," akajibu.

Walipopita, alimtuma Elia garini, akanikalisha kwenye ngazi ya mbao ndani ya nyumba ile. Kulinuka misonobari na gundi. Alikuwa na roli ya utepe wa buluu mkononi kama bangili.

"Nani kakwambia unauzwa?"

"Wewe. Wewe na Ankali. Mmesema Mama anamuuza mtoto wa Canada."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alijifuta uso kwa kiganja, kutoka juu hadi kidevuni.

"Si wewe, mwanangu. Ni Kampuni. Kampuni mama, iliyoko Uingereza, inaiuza kampuni yake ya hapa. Ni maneno tu ya biashara."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiitamka hivyo, *inaiuza*, kama meza. Mwenye masharubu alifariki mbele yangu palepale.

"Kwani Kampuni si mtu?"

"Si mtu."

"Sasa anayeuzwa ni nani?"

"Viwanja. Nyumba. Magari. Karatasi."

"Na wewe?"

Nje mtu aligonga msumari, akaacha, akagonga tena.

"Na mimi, nafikiri. Na kofia yangu."

"Nani kakuuza?"

"Wakubwa."

"Unawajua?"

"Hapana."

"Wanakujua?"

Baba alichana kipande cha utepe, akakibandika kwenye nguzo ya ngazi, mahali ambapo hapakuwa na kasoro yoyote. Akakitazama. "Sijui, mwanangu," akasema. "Kweli sijui." Nikamshika sweta, kwa sababu nilikuwa nimejua sasa kwamba mtu wa kuogopewa asije akauzwa hakuwa mimi.

Jioni, chakula kikiwa mezani, alimwambia Mama, "Watoto hawaendi Lushoto. Wakiniachisha nitafagia hata stesheni, lakini watakula meza hii hii."

"Nani kasema wanaenda?"

"Wewe."

"Mimi nilisema tu. Kila siku nasema. Bado hujanizoea?" Lakini alihamisha nyama zote za sahani yake, akaniwekea mimi na Elia, akala ugali kwa mchuzi.

Wanunuzi walimbakiza Baba. Walimpa kofia yenye nembo nyingine, wakazing'oa picha ukutani, wakapaka rangi, na Jumatatu alizipitia nyumba zile zile akitafuta kasoro zile zile. Kwa muda mrefu akipokea simu alitaja jina la zamani, akajisahihisha, akajisahihisha tena.

Siku hizi mambo hayo hayamtishi mtu. Kampuni anayofanyia kazi Elia imeuzwa mara kadhaa; huletewa habari kwa barua pepe akiwa anakunywa chai, anabadilisha nywila, anaendelea kutafuna. Binti yake anaelewa Kiswahili chote na hajibu hata neno moja. Ana kila kifaa, na kila jambo ameelezwa kwa upole na watu wenye vyeti. Sijui kama namwonea huruma au wivu.

Juzi tulikuwa sebuleni kwa wazazi wetu, binti huyo na kishikwambi chake, Baba kwenye kochi na mguu wake mbovu juu ya mto. Sijui kilichomkumbusha. Alimwambia tu, kama anayesalimia, "Babu yako aliwahi kuuzwa, unajua?"

"Cool, Babu," alisema mtoto, bila kuinua macho.

Baba alingoja. Alingoja muda ambao mtu humpa mwenzake atoe swali. Kisha akanigeukia mimi, anatabasamu kidogo, na kwa sauti ya chini ili mjukuu asisikie akasema, "Hajauliza ni nani aliyeniuza."