Skrini ya Gari na Mkanda wa Msiba

Dada yangu aliporudi kutoka Mwanza alikuwa na begi moja, binti wa miaka mitano, na mwili ambao kila mtu wa mtaa wetu wa Rwamishenye, Bukoba, aliuangalia mara moja tu kisha akaanza kuzungumzia mvua. Dawa zilikuwa bado hazijafika kwetu, na watu walikuwa wameshakuwa mabingwa wa kutoutaja ugonjwa. Baba yetu alizoea kusema kwamba baada ya vita ile ya mpakani hakuna kitakachotushtua tena. Alikufa mapema, hakupata nafasi ya kujisahihisha.

Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio. Kompyuta zilipoanza kuingia mjini nikawa natengeneza na kompyuta, yaani nilikuwa nazifungua kwa ujasiri. Nilikuwa kapera wa vyumba viwili. Nikampa dada chumba chenye dirisha, yeye na mtoto.

Baba wa mtoto alikuwa mchuuzi wa samaki visiwani. Alitangulia mbele ya haki kabla hajaja kujitambulisha nyumbani, kwa hiyo mtoto alikuwa wetu peke yetu. Kila ndugu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa alikaa kwenye kiti kimoja kilichokuwa kando ya kitanda, akamshika mkono, akasema, "Usiwe na wasiwasi, huyu mtoto nitamchukua mimi." Aliyelisema neno hilo vizuri kuliko wote ni mama yetu mdogo, mwenye nyumba nzuri Kahororo, karibu na shule. Alilisema huku machozi yakimtoka, nami nikaona mambo yamekwisha.

"Mtoto wangu ameshachukuliwa na watu tisa," dada akaniambia siku moja. "Wote wanasema kweli?"

"Labda wanne."

"Mimi nataka mmoja."

Katika wale tisa shangazi yetu wa Muleba hakuwemo. Alikuja mara moja, akauliza kwa nini chumba kinanuka unyevu, akaacha maharage, akaondoka na basi la saa nane. Ni dada wa baba, na tangu utotoni tulikuwa tukisikia kikohozi chake tunajificha.

Ndipo dada akaomba mkanda. Mwaka uliotangulia tulimzika kaka yetu mkubwa kwenye kibanja chetu, shamba la migomba la nyumbani, upande wa Kimwani, na dada hakuhudhuria kwa kuwa alikuwa amelazwa Mwanza. Mazishi yalipigwa video, maana siku hizo msiba usiopigwa video ulionekana kama haukuandaliwa. Nilidhani anataka kumlilia kaka, nikamwambia kwa hali yake si busara. Akaniangalia kama mimi ninavyomwangalia mteja anayenieleza redio yake imeharibika wapi.

"Kaka simwangalii. Kaka ameshakufa," akasema. "Ameacha watoto watatu. Nataka kuona siku ile nani alikuwa anawatazama. Hapa mbele yangu kila mtu ni mzuri. Siku ile mimi sikuwepo."

Deki ya kuchezea mkanda nilikuwa nayo. Televisheni yangu ilipigwa na radi, kama nyingi za Bukoba. Majirani wangeniazima ya kwao kwa furaha, ila wangekuja nayo na kukaa. Nilichobaki nacho ni skrini ndogo bapa, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, iliyong'olewa kwenye gari la mtu ambaye aliiacha kibandani kwangu na hakurudi. Ilihitaji volti kumi na mbili. Betri ya gari ingetosha, ila sikuwa na gari. Nilikuwa na makasha manne ya kompyuta mbovu, na ndani ya kila moja kulikuwa na pawa saplai, lile boksi la chuma lenye feni, linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwenye nyaya za rangi mbalimbali. Njano ni volti kumi na mbili, nyekundu ni tano, nyeusi ni ya kurudishia. Hayo niliyajua.

Nisilolijua ni kwamba boksi hilo ukilitoa ndani ya kompyuta haliwaki hata ulibembeleze. Kwa siku mbili niliamini yote manne yamekufa. Siku ya tatu fundi mmoja wa Kahororo, aliyekuwa akifundisha kompyuta shuleni, alinicheka kwanza, kisha akaniambia niunganishe waya wa kijani na mweusi. Nilitafuta kitu cha kuunganishia, nikakosa. Dada akapapasa chini ya mto, akanipa pini ya nywele.

"Chukua. Sina kazi nayo," akasema. Nywele zake zilikuwa zimebaki chache. Nilijifanya ninachunguza pini.

Feni ikazunguka, ikasimama. Boksi lile halikubali kufanya kazi bila kubebeshwa kitu, kwa hiyo waya mwekundu nikautwika taa ya indiketa ya pikipiki, ikawaka hafifu, na feni haikusimama tena. Nikapeleka njano na nyeusi kwenye skrini. Ikatoa mwanga wa buluu. Mtoto akapiga makofi, nami nikajisikia mtu wa maana kwa muda kama wa dakika moja, hadi nilipogundua kwamba skrini ile haina spika.

"Haitatoa sauti," nikamwambia dada.

"Afadhali. Sauti zao nazijua."

Ilikuwa alasiri, umeme upo, mtoto ametumwa kucheza kwa jirani. Nikaegemeza skrini kwenye ndoo iliyopinduliwa kitandani, nikaiunganisha na deki. Mpiga picha wetu alizoea harusi, kwa hiyo alimpiga kila mtu akila. Jeneza alilipa dakika tano, ebitoke, ndizi zetu za kupika, dakika ishirini. Jeneza lilipita, dada akilitazama bila kupepesa. Walipotokea watoto wa kaka akainuka kwa kiwiko.

Mama mdogo alikuwa amempakata yule mdogo wao, anamfuta machozi kwa kanga yake mwenyewe. Ilikuwa picha nzuri kabisa. Kamera ikahamia kwa mapadri, ikazunguka, ikarudi. Mtoto alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, na mapajani pa mama mdogo palikuwa na mkoba.

"Rudisha," dada akasema. Nikarudisha. Mtoto, mapadri, mkoba.

Sisemi kwamba mama mdogo ni mtu mbaya. Alifanya tunachofanya wengi wetu kamera ikija, na miguu ilikuwa ikimsumbua.

Shangazi alionekana nyuma ya watu wengine, kila mara mdomo wazi, anagomba. Hakuitazama kamera hata mara moja. Anamvuta mtoto mkono, anammiminia maji ya jagi anawe, anamkalisha, anamwekea sahani, anakwenda kumvuta mwingine. Wa mwisho alikuwa amejificha chini ya pikapu iliyoleta jeneza. Shangazi alipiga magoti na gauni lake la msiba, akamtoa kwa kumvuta mguu, akamkung'uta vumbi, akamfunga kamba ya kiatu, akamkalisha na wenzake. Bila sauti, hukusikia matusi. Uliona mikono tu.

"Hesabu sahani," dada akasema.

"Kumi na moja."

"Na watoto?"

"Kumi na mmoja."

"Yeye amekula?"

Tukaangalia hadi mwisho. Hakula.

"Mwite shangazi," dada akasema, akajilaza.

"Shangazi anachapa."

"Najua. Alinichapa mimi."

Kulikuwa na swali nililolibeba tangu aliposhuka kwenye basi. Niliogopa angenichagua mimi, na niliogopa asinichague. Nikauliza, "Na mimi je?"

"Wewe kwenye mkanda mzima ni mgongo," akasema. Ni kweli. Spika za msiba zilisumbua siku ile, na kila nilipoonekana nilikuwa nimeinamia nyaya. Katika picha moja yule mdogo wa kaka alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika shati langu, na mimi sikugeuka.

Nilihisi nafuu, kisha nikaionea aibu nafuu ile. Nina aibu hiyo hadi leo.

Shangazi alifika baada ya siku mbili na mkungu wa ndizi kichwani. Alimkuta mtoto mlangoni, amevaa ndala kinyume, ya kulia mguu wa kushoto. Hakusalimia.

"Iwe, wewe mtoto, pua hiyo ni ya nani?" akamuuliza. Mtoto akajifuta. Kisha shangazi akanigeukia mimi, akanigombeza kuhusu ndala, kuhusu vyombo, kuhusu nyaya zilizotapakaa chumbani kwa mgonjwa. Alipomaliza akakaa kwenye kile kiti. Dada akamweleza anachotaka, maneno machache tu, hakuwa na pumzi ya mengi. Shangazi hakumshika mkono, wala hakulia.

"Ana sweta?" akauliza. "Kule kwangu asubuhi ni baridi."

"Analo moja, shangazi," dada akajibu.

"Litafaa kwa kuanzia."

Dada akafumba macho. Nilimwona akicheka, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu aje.

Tulimzika wiki tano baadaye, Kimwani, kando ya kaka. Mpiga picha alikuwa yule yule. Katikati ya hotuba ya pili spika zikakata, na watu wakageuka kunitafuta. Nilisikia jina langu likiitwa mara tatu. Nilikuwa nyuma ya nyumba nimeshika jagi, nawamiminia watoto maji ya kunawa, na shangazi ananigombeza kwamba namwaga. Binti wa dada alikuwa wa tatu kwenye mstari, amevaa sweta lake. Nikamwambia anyooshe mikono yote miwili.