Pilau la Siku ya Kugawiwa Kadi

Yasinta si mtu wa kuchukia watu haraka. Wanaomjua pale Misigiri, tangu afungue mashine yake ya kukamua alizeti karibu na njia panda ya kwenda Kiomboi, watakwambia ni mama wa kucheka na wateja, wa kumwongezea mtu mashudu akijua ana nguruwe wengi nyumbani. Kwa hiyo siku alipotema nyama mbele ya kikundi kizima, akaitema chini karibu na viatu vya mwenyekiti, watu walijua kuna jambo limemshinda kumeza.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye mkono wake. Mkanda wa mashine ulimnasa mkono wa kulia, ukamvunja na kumchuna ngozi hadi karibu na kiwiko. Alilazwa, akashonwa, akafungwa vyuma. Mume wake, Ezekieli, aliuza ng'ombe wa maziwa ili atibiwe, na msimu wote wa alizeti ukapita mashine imefungwa, magunia ya watu yakipelekwa kwingine. Aliporudi nyumbani, mtu aliyemwogesha na kumlisha ugali kwa mkono alikuwa Winfrida, jirani yake wa kibanda cha chakula. Winfrida alikuwa mjane, na mwenyewe alikuwa mgonjwa wa sukari wa miaka mingi. Alikuwa akijichoma sindano yake asubuhi, anabandika sufuria za biashara, kisha anavuka kuja kumhudumia mwenzake.

Mkono ulipopona, Yasinta alisimama kwenye mkutano wa kikundi chao cha wafanyabiashara wadogo.

"Mwalimu akiumwa ana kadi ya bima," alisema. "Askari ana kadi. Sisi nani atatukatia? Tukiumwa tunauza ng'ombe. Ng'ombe akiisha tutauza nini?"

Wote walikubali. Mwenyekiti, Gerald, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisema ataleta mtu wa bima kutoka Singida mjini. Gerald alikuwa mtu wa suruali zilizopigwa pasi, mwenye sauti ya upole, anayeombwa kufungua na kufunga kila kikao kwa sala.

Aliyekuja aliitwa Bonaventura, wakala wa kampuni moja binafsi. Aliwaeleza vizuri, hilo lazima lisemwe. Mtu aliyejiajiri akikata bima peke yake, alisema, gharama inakuwa juu, na yapo magonjwa ambayo lazima asubiri muda mrefu kabla hajaruhusiwa kuyatibia. Wakikata kama kikundi, gharama inashuka.

"Kwa sababu mzigo unagawanywa," alisema. "Mzima anambeba mgonjwa. Kesho mzima akiumwa, naye anabebwa."

Winfrida alipiga makofi kuliko wote.

Mtu mmoja aliuliza kuhusu ile bima ya jamii inayoandikishwa kijijini, kaya nzima kwa pamoja. Gerald alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Hiyo ni ya watu wa foleni," alisema. "Sisi ni wafanyabiashara."

Bonaventura alipita duka kwa duka kuwauliza wanachama habari za afya zao. Winfrida alimwambia ukweli wote, hata akamwonyesha mahali anapohifadhi dawa yake ili isipate joto. Wiki zikapita. Siku moja Yasinta alishuka Shelui kutafuta alizeti ya kununua, na siku hiyohiyo kamati ya kikundi ikaketi. Aliporudi hakuambiwa kitu. Aliambiwa tu kuwa kadi ziko tayari na kutakuwa na sherehe ndogo.

Sherehe ilifanyika uani kwa Gerald, chini ya turubai. Chakula kilipikwa na Winfrida. Tangu alfajiri, yeye na binti yake Rebeka walikuwa kwenye moshi, wakichambua mchele, wakichinja na kunyonyoa kuku. Alikataa kulipwa kazi yake. "Hii ni shughuli yetu," alisema. "Nijilipe mwenyewe?"

Bonaventura akaanza kuita majina. Aliyeitwa alikwenda mbele, akapokea kadi yake, akapigiwa makofi, akapigwa picha. Winfrida aliposikia majina yanaendelea, alifungua kanga aliyojifunga kukinga mafuta, akanawa mikono, akaja kusimama pembeni ya turubai. Gauni lake la kanisani alikuwa amelivaa chini ya kanga muda wote, kwenye moto ule. Likaitwa jina la Yasinta. Likaitwa la Chediel wa baiskeli. Wakaitwa wengine, mwisho Bonaventura akafunga zipu ya begi lake.

"Bado mimi," Winfrida alisema huku anacheka. "Mmenisahau jikoni."

Hakuna aliyecheka naye. Watu walitazama kadi zao kana kwamba zina maandishi marefu ya kusoma. Gerald akasimama na ile sauti yake ya upole.

"Mama Rebeka, wewe tutaongea pembeni baadaye. Hebu kwanza wapakulie watu, chakula kisipoe."

Na Winfrida akaenda kupakua.

Hicho ndicho Yasinta anachokisimulia hadi leo huku uso umemkunjamana. Alimwona rafiki yake akiinama juu ya sufuria, akijaza sahani moja baada ya nyingine, akiwauliza watu waliomtupa kama wanapenda paja au kidari. Nao wakapokea. Wakasema asante, mama. Wakaanza kula, wakatafuna mifupa, wakaomba waongezewe kachumbari. Midomo iling'aa mafuta.

Yasinta alikuwa ameshatia nyama kinywani. Akamwendea Gerald.

"Winfrida yuko wapi kwenye bima?"

"Mama Peniel," Gerald akamwita kwa jina la mwanawe, "kaa kwanza ule."

"Nimekuuliza."

Gerald akashusha sauti. "Kampuni ilisema akiwemo mgonjwa wa kudumu, bei ya kila mmoja inapanda. Kamati ikaona apumzike kidogo. Ni kwa faida ya wengi. Hata yeye ataelewa."

"Mlimwambia?"

"Tulikuwa tunatafuta namna nzuri."

"Namna nzuri ndiyo hii? Awapikie kwanza?"

Mwenyekiti alifuta midomo kwa karatasi laini, taratibu, kona hadi kona. Yasinta aliona punje ya pilau imebaki kwenye sharubu zake. Nyama aliyokuwa nayo kinywani ikawa kama kitambaa kichafu. Akaitema. Kisha akaweka sahani chini na kuondoka mbele yao wote.

Alimkuta Winfrida nyuma ya nyumba anasugua masufuria kwa majivu. Rebeka alikuwa analia. Mama yake hakulia.

"Acha hayo masufuria," Yasinta alisema. "Wayaoshe wenyewe."

"Masufuria ni yangu, mdogo wangu." Akasugua tena. Kisha, bila kuinua uso, akasema, "Najua ni sukari yangu, lakini kinachoniuma si hiyo. Gerald tunakaa naye benchi moja, siku ya kliniki. Ana presha, anameza vidonge mwaka wa ngapi sijui. Huwa ananishikia nafasi nikichelewa."

Yasinta alisimama palepale. "Na kwenye bima alisema ni mzima?"

"Sijui alisema nini. Kadi si anayo?"

"Narudi pale sasa hivi. Naenda kuwaambia wote."

Winfrida akamshika kwa mkono wenye majivu. "Huendi. Ya kliniki yanabaki kliniki. Ukimtangaza yeye leo, kesho nani atathubutu kwenda kukaa kwenye lile benchi?"

Yasinta hakwenda. Lakini anasema kunyamaza kulimtia kichefuchefu kuliko ile nyama.

Kesho yake alirudisha kadi dukani kwa Gerald, akaiweka juu ya kaunta kati ya misumari na makufuli, akatoka. Ezekieli alipopata habari aling'aka. "Wewe ndiye uliyelilia bima. Umevunjika mkono juzi tu. Unaitupa kwa hasira?"

"Sijaitupa bima. Nimewatupa wale."

"Mashine ikikushika tena, utaionyesha hasira yako?"

Alikuwa na haki, na Yasinta alijua. Asubuhi walikwenda pamoja ofisi ya kijiji kwa mwandikishaji wa bima ya jamii, na Winfrida akaja na Rebeka na wajukuu anaoishi nao. Waliulizwa majina, umri, nani anaishi na nani. Wakapigwa picha. Winfrida alingoja swali la ugonjwa lije, halikuja, mwisho akalitaja mwenyewe: "Mimi nina sukari." Mwandikishaji akasema, "Pole, mama," akaendelea kuandika.

Bima hiyo ilikuwa na mipaka yake. Ilikuwa lazima uanzie zahanati, upewe rufaa, upande ngazi kwa ngazi, na hospitali binafsi za mjini hukuzigusa. Lakini masika yalipofika, Winfrida akapata kidonda mguuni kisichofunga, alipitia ngazi hizo zote hadi hospitali ya wilaya. Alikatwa kidole kimoja. Mguu ukabaki, na ng'ombe wa mtu hakuuzwa.

Kikundi nacho kilifika wakati wa kuhuisha bima yake. Mwaka huo kampuni haikutaka maneno matupu. Ilileta wauguzi, kila mwanachama akapimwa. Presha ya Gerald ilionekana. Kamati ikaketi bila yeye. Chediel, aliyekuwepo, ndiye aliyekuja kumsimulia Yasinta, akicheka hadi anashika ubavu: walimwambia mwenyekiti apumzike kidogo, ni kwa faida ya wengi.

"Maneno yake mwenyewe!" Chediel alisema. "Umesikia?"

Alidhani Yasinta atafurahi. Yasinta naye alidhani hivyo. Badala yake alimtazama Chediel, ile midomo inayocheka, akaikumbuka ikiwa na mafuta, na kinyaa kikampanda upya.

"Na wewe ulinyoosha mkono atolewe?" alimuuliza.

Chediel akaacha kucheka. "Wote tulinyoosha."

"Nenda, Chediel. Nina kazi."

Siku chache baadaye Gerald mwenyewe alikuja kwenye mashine. Suruali yake ilikuwa imepigwa pasi kama kawaida, ila alikuwa amekonda shingo. Alisimama mlangoni, penye maganda ya alizeti, hakuingia.

"Mama Peniel. Ile bima ya kijijini. Huwa wanauliza nini?"

Yasinta aliendelea kumimina alizeti kwenye debe. Angeweza kumwambia mengi, na mengine alikuwa ameyapanga kichwani kwa mwaka mzima.

"Wanauliza majina ya watu wa nyumbani kwako," alisema. "Basi."

"Basi tu?"

"Basi tu. Mwandikishaji anakuwepo mpaka saa nane."

Gerald alibaki pale, pengine akingoja neno jingine la kumsindikiza. Yasinta akaangalia mkanda kama umekaa sawa, akarudi nyuma hatua, akawasha mashine.