Sauti ya Kabula Kwenye Tabaka la Juu

Mwanangu, hii stori inanionyesha bwege, ila acha nikupe, maana na wewe nakuona vidole vyako vina haraka kuliko macho.

Siku hiyo niko kibandani Nyarugusu, tunapoingizia watu nyimbo kwenye simu. Mashine ni kompyuta ya Linux. Dada Ng'wasi, mwenye kibanda, aliipanga matabaka mawili: chini diski ya nyimbo za zamani, imefungwa, haiandikwi kitu, juu diski ndogo, kila kipya kinaingia huko. Ukifungua, unaona folda moja tu.

Jenereta likakohoa, mashine ikazima. Kuwaka, za zamani zinapiga freshi, za kwaya, zile mpya za diski ya juu, hazifunguki. Na kwenye benchi kakaa Mama Kabula, kafuata sauti ya marehemu binti yake akiimba kwaya. Simu ya binti iliibiwa. Nakala ilikuwa hiyo hiyo ya kwetu.

"Vipi, baba?"

"Imelala tu, mama. Inaota."

Nikaandika amri ya kukarabati diski ya juu, matabaka yakiwa bado yameungana. Mashine ikanionya, ikauliza: una uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Mimi na darasa langu la saba, onyo refu vile nalisoma la nini? Folda ya kwaya ikabaki tupu.

Nikampigia dada Ng'wasi, yuko Kharumwa.

"Uliitenganisha kwanza?"

"Niitenganishe na nini?"

"We! Unabadilisha magogo yanayoshikilia duara la dhahabu huku watu wako chini wanachimba? Toa mkono! Zima. Washa kwa flashi ya akiba, diski ya juu usiiunganishe na ya chini. Inakili yote, ukarabati hiyo nakala."

Nikafanya, jasho linadondokea kibodi. Mafaili yakarudi bila majina, namba tupu. Nikawa nayapiga moja moja. Kelele. Mahubiri. Kelele tena. Mama Kabula kasimama, kashika meza. Halafu msichana akavuta pumzi, akaanza kuimba.

Kwa hiyo, mwanangu, likiharibika tabaka la juu, tenganisha, nakili, ndio ukarabati. Cha chini kupiga vizuri kisikudanganye. Na mashine ikikuuliza, soma, hata kwa kuunganisha silabi.

Mama Kabula, simu yake yenye wimbo kaishika kifuani, aligeukia mlangoni. "Uliposema inaota, nilijua utaharibu. Vidole vyako vilishaanza kukimbia. Mungu akupe mikono ya taratibu, ng'wanawane, mwanangu."