Kidole cha Kaswera

Kama uliishi Butembo wakati wa waasi, hii ya Kaswera utaielewa mbele sijaimaliza. Kama hukuishi, sogea tu, nitakueleza polepole.

Kaswera alizaliwa Luofu, akaolewa Butembo. Bwana yake akafa, akabaki na batoto na biashara ya maharagi. Kila juma alipanda kamio ya kwenda Beni, akikaa juu ya magunia. Kusoma, hapana. Mais karatasi alizijua kwa rangi ya muhuri. Siku zile barabara ilikuwa imekatwa na kamba, na kila kamba na askari wake. Mutu bila karatasi alishushwa, akaenda kubeba mizigo ya jeshi. Mutu mwenye karatasi alipita. Donc karatasi ilikuwa ndugu.

Basi Eliezer, mwenye agence ya kamio mbili za abiria, naye akaleta ya kwake. Akaweka meza mbele ya dépôt yake ya mizigo na karani akakaa pale. Kila abiria aliweka kidole chini ya maandishi, muhuri mwekundu ukapigwa. Ile karatasi waliiita décharge.

"Inasema nini?" Kaswera akauliza.

"Inasema unasafiri na sisi, mama," karani akajibu.

"Basi nipatie na yangu nibaki nayo. Na huo muhuri uupige vizuri, yaya, ndugu yangu, usiupige kama mutu mwenye njaa."

Akaifunga ndani ya plastiki, akaiweka kifuani. Kwenye kamba ya Maboya askari akaigeuza juu chini, akairudisha. "Pita, mama. Bakubwa bako banakujua."

Toka siku ile abiria bakaanza kugombania meza. Kaswera mwenyewe ndiye aliyebapanga. "Na batoto pia, muwekeshe batoto vidole! Eliezer anatubeba mukononi mwake." Akashika vidole vya batoto ba wenzake, kimoja kimoja, akavibonyeza kwenye wino.

Halafu siku moja, kwenye muteremuko wa Kabasha, kamio ikakataa kusimama, freni hazikushika. Dereva, Kamate, akapiga honi, akaigongesha kwenye ukingo wa udongo ili isiende bondeni. Hakuna aliyekufa. Lakini magunia yalimwangukia Kaswera, muguu ukavunjika vibaya.

Kule hospitali ya Beni daktari akasema wazi: mwenye kupasua mifupa yuko Butembo. Kama hatafika upesi, muguu utakatwa. Na gari ya kumupeleka ni ile kamio ya pili ya Eliezer tu.

Kaswera hakuogopa. Eliezer alipokuja kuona bagonjwa, yeye akatoa plastiki yake kifuani.

"Patron, mimi niko na yangu. Tunaenda saa ngapi?"

Eliezer akaangalia chini. "Mama Kaswera, hiyo karatasi inasema ukivunjika, hapana juu yangu."

Kwenye kitanda cha pembeni alilala Bertrand, karani wa tribinali, ni kusema mahakama, mutu wa Kasai aliyetumwa huku mbele vita haijaanza. Malaria ilikuwa imemubana, mais akanyoosha mukono, akasoma kwa sauti: "Mimi ninayeweka kidole hapa nasafiri kwa hatari yangu mwenyewe. Likinipata lolote, kifo ao kilema, agence haitaulizwa."

Mama mmoja akamuvuta mutoto wake, akamuangalia kidole.

"Rudia," Kaswera akasema.

Bertrand akarudia. Maneno yalikuwa yaleyale.

"Nililala nayo kifuani," Kaswera akasema polepole. "Na batoto ba batu... ni mimi nilibashika vidole."

"Ngoja kwanza, mama," Bertrand akasema. "Karatasi hii ina kazi yake. Vita, mvua, muti kuanguka njiani, hapo patron amejikinga, sawa. Mutoto, hapana: kidole chake hakiuzi kitu, sheria haikihesabu. Na kosa mutu analofanya akilijua, hakuna kidole cha kulifuta. Hata mama aweke vyote kumi."

"Mimi nilijua nini?" Eliezer akauliza.

Kamate alikuwa amesimama mulangoni, kichwa kimefungwa bandeji. Kazi yake ilikuwa mukononi mwa yule mutu. Mais akasema:

"Freni, patron. Nilikuambia ni mbovu, mbele hatujapakia. Ukanijibu: shuka na gia ndogo, bote bamesaini."

Eliezer akakaa kwenye ukingo wa kitanda kama mutu aliyepigwa. Na mimi ninaamini hakuwa anaigiza. Naye alikuwa ameitegemea ile karatasi, sawasawa na Kaswera kwenye kamba ya Maboya.

"Ile kamio ingine," Kaswera akauliza, "freni ziko?"

"Ziko, mama," Kamate akajibu. "Nilizijaribu mwenyewe."

Eliezer akasimama. "Muilete."

Bakamupandisha na godoro lake. Karani wa agence, aliyekuja na patron, akasogea na kibweta cha wino, kwa mazoea tu. Kaswera akaficha kidole gumba ndani ya ngumi.

Muguu ulipona, mais ukabaki mufupi. Anauza maharagi akiwa amekaa. Na ukimuletea karatasi yoyote, hata ya kanisa, ngumi inajifunga kwanza.

"Soma," anasema. "Halafu mwite mwingine naye asome."