Hakuna Aliyemsukuma

Yule mamluki wa Kizungu, mmoja wa askari wa kukodiwa walioishika nchi yetu wakati ule, alimpiga mjomba wangu kofi mchana kweupe, mtaani Badjanani, Moroni, kwenye ngazi za msikiti wa Ijumaa, kwa kuwa mjomba hakumpisha upesi. Kofi lenyewe lilikuwa jepesi, na ndiyo maana nililichukia zaidi. Hakupiga kwa hasira. Alipiga kama mtu anayefukuza nzi. Mjomba alikuwa ameshafanya harusi kubwa, ile ya mila inayompa mwanamume heshima ya kuketi mbele penye watu. Tangu siku ile akawa anaketi karibu na mlango. Baadaye akaihama Moroni, akaenda kupakua mizigo bandarini Mutsamudu, kisiwa kingine, mahali ambapo hakuna aliyeliona kofi lile. Likizo ilipofika mama akanituma nikamwangalie.

Nilikwenda na chuki yangu na somo moja la fizikia. Shuleni mwalimu alikuwa amenikalisha kwenye kiti kinachozunguka, mikono nimeinyoosha, kila mmoja umeshika pasi ya mkaa. Akanizungusha, akarudi nyuma.

"Sasa vuta mikono kifuani."

Nikavuta. Kiti kikaenda kasi kama punda aliyechapwa, darasa zima likapiga kelele. Mwalimu akaeleza kwamba mzunguko ulioanza haupotei bure: uzito ukisogea katikati, kasi huongezeka kufidia. Wenzangu wakaandika. Mimi nilibaki na jambo moja tu kichwani: nimeongezewa kasi na hakuna aliyenigusa.

Sikukuu ya Idi, fundi mmoja wa bandarini alitengeneza bembea ya kuzunguka: duara la mbao juu ya ekseli ya lori, na nguzo katikati. Watu waliketi ukingoni, miguu ikining'inia, vijana wakisukuma. Ndipo akatokea yule mamluki. Alikuwa amekuja kulinda meli ya shehena. Nilimjua kwa mwendo wake, katikati ya njia, kana kwamba kuta ndizo zimpishe. Akataka kupanda.

"Mzungu, zunguka! Mzungu, zunguka!" watoto wakaimba. Akacheka nao. Hakujua anachekwa yeye.

Nikamnong'oneza mjomba nilichokuwa nacho moyoni.

"Una wazimu, wewe," akasema. Kisha akasema, "Rudia."

Nikarudia. Akawaita wapagazi wenzake, akawaambia sikioni, akakunja kanzu na kupanda.

"Mzee, utaanguka!" mmoja akamtania.

"Nikianguka nakuangukia wewe. Panda!"

Tukajipanga ukingoni pamoja na mamluki. Vijana wakasukuma mpaka nyumba zikaanza kukimbia. Mamluki akainua mkono: inatosha. Vijana wakaachia, wakarudi nyuma.

Hapo mjomba akatoa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu Moroni, sauti ya kupanga watu kabla ya sala: "Jazeni mapengo! Kazeni safu!"

Sote tukatambaa mara moja kuelekea kwenye nguzo, bega kwa bega. Bembea ikaruka kwa kasi. Mamluki peke yake akabaki ukingoni. Maneno yale hakuwahi kuyasikia. Uso wake uliiva, kisha ukapauka. Vidole vikamtoka kwenye mbao, kimoja kimoja, nami niliviangalia vyote. Alitua kifudifudi kwenye changarawe.

Alipoinuka mdomo ulikuwa unavuja damu. Akaanguka tena kwa kizunguzungu. Nilifurahi. Hadi leo nikikumbuka nafurahi, na sitafuti toba kwa hilo.

"Nani kasukuma?" akanguruma, mkono kwenye bastola.

Vijana wakaonyesha viganja vyao. Walikuwa wamesimama mbali, na uwanja mzima uliwaona. Alitutazama, mmoja mmoja, asione wa kumpiga.

"Hakuna aliyekusukuma, bwana," mjomba akamjibu kwa Kifaransa safi, bado amekumbatia nguzo. "Wewe ulikaa mbali na watu."

Mamluki akaondoka kuelekea bandarini akishika ukuta. Nilitarajia mjomba acheke, au angalau apumue. Alimfuata kwa macho mpaka akapotea, kisha akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "huko shuleni wanawafundisha nini kingine?"